Jibu la Salamu

Mume wangu Obedi alikuwa fundi mwashi. Kati ya Heru Juu na Kasulu mjini kuna nyumba nyingi za tofali za kuchoma alizozijenga yeye, na nikipita naweza kukuonyesha ukuta upi ni wake. Hakupenda ukuta upigwe plasta haraka. Alisema plasta inaficha uvivu. Alizaliwa Manyovu, kule ambako ukivuka kilima kimoja uko Burundi, akaja Heru Juu kujenga darasa, akanioa, hakurudi tena kwao.

Kiswahili alijifunzia kazini akiwa mtu mzima. Mimi nilikisoma mpaka kidato cha nne, na miaka ya mwanzo ya ndoa nilikuwa nikimcheka. Kila neno alilitafuta kwanza kwa Kiha, lugha yetu sisi Waha, kisha akalibeba taratibu na kulileta upande wa pili. Kwao watu wakikutana huulizana, "Urakomeye?" Yaani, una nguvu? Na mwenzako anajibu, "Ndakomeye." Ni salamu tu. Hata mwenye homa anajibu hivyo, na homa yake anaieleza baadaye, akishakaa na kupewa maji. Lakini Obedi alipoivusha salamu hiyo kwenye Kiswahili ilitoka hivi: ukimwuliza hujambo, au habari za afya, au umeamkaje, atakujibu, "Niko na nguvu." Heru Juu walimzoea. Watoto walimwita Mzee Niko-na-Nguvu, naye alifurahi.

Jibu la kinyume hakulijua. Sikuwahi kumsikia mtu wa kwao akisalimiwa na kujibu kwamba hana nguvu. Jirani yetu Theodosia alikuwa akisema, ukimsikia Muha wa Manyovu amejibu hivyo, usiulize la pili, kimbia ukamwite padri.

Mwaka 2013, masika yakiwa hayajakatika, Obedi alikwenda Kibondo kumalizia nyumba ya mwalimu. Akirudi, basi lilipita Makere, likateleza kwenye ule udongo mwekundu, likalala ubavu mtaroni. Wapo waliokufa. Obedi alitoka dirishani mwenyewe, akakaa juu ya basi akiwavuta wenzake, ndiyo maana jioni ile alipofika nyumbani na matope mwili mzima tulimshukuru Mungu, nikampikia, akala. Asubuhi hakuweza kuinuka kitandani.

Daktari wa Kasulu alimpima mara kadhaa. Alisema pingili moja ya mgongo imesogea, inabana mshipa wa fahamu unaoshuka mguu wa kushoto. Akaniita kando.

"Mama, mumeo sasa ana siku nzuri na siku mbaya," aliniambia. "Anatakiwa kwenda Mwanza kupasuliwa. Akichelewa sana, siku nzuri zitaisha."

Hatukuwa na uwezo wa kwenda Mwanza, achilia mbali kupasuliwa. Aliyetufungua macho ni Mwalimu Rosa, aliyepangiwa shule ya kwetu kutoka Moshi na kuishi kwenye nyumba ambayo Obedi alimjengea jiko. Alikuja kumwona mgonjwa, akauliza kama tumechukua fomu ya polisi ya majeruhi. Tulikuwa nayo. Akauliza kama tunajua basi lile lina bima.

"Bima ni ya mwenye basi," Obedi alisema.

"Ni ya mwenye basi na ni yako wewe uliyekuwa ndani. Fundi, huombi msaada hapa. Unadai haki yako."

Obedi alilipenda neno hilo, haki. Mwalimu Rosa akatuandikia madai kwa mwandiko wake mzuri, mimi nikayapeleka Kasulu kwa wakala wa bima, Bwana Felisiani, ambaye ofisi yake ilikuwa nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki.

Felisiani hakuwa mtu mbaya. Alikuja Heru Juu mwenyewe, akamwona Obedi amelala kifudifudi kwenye mkeka, maana siku ile ilikuwa mbaya. Alipoaga alisema, "Fundi, kampuni italeta watu wa kuchunguza. Usishtuke. Kuna watu mguu wao umevunjika kwenye karatasi tu, ukienda kwao unawakuta wanacheza mpira."

"Waje," Obedi alimjibu bila kuinua uso. "Mgongo upo hapa hapa. Haujasafiri."

Tulicheka sote. Nakumbuka tulicheka.

Hatukujua kwamba watu hao hawapigi hodi. Kwanza mwenye mashine ya kusaga aliniambia kuna kijana aliyekuja kuuliza kama fundi Obedi bado anapokea kazi, maana anataka kujenga. Alipoambiwa fundi anaumwa, akauliza, anaumwa kweli au anapumzika? Wiki iliyofuata pikipiki nyekundu ilisimama barabarani kando ya mgomba wetu wa mwisho, dereva akajifanya anatengeneza mnyororo. Mnyororo haukuwa umekatika. Katekista naye alitujia akiwa na wasiwasi: kuna mtu aliyempigia simu kwa upole sana, akajitambulisha kuwa ndugu yetu wa Dodoma, akauliza kama Obedi huwa anapiga magoti kanisani au anakaa tu.

"Ukamwambiaje?" nilimwuliza.

"Nilimwambia anapiga magoti siku za kuweza. Nimekosea?"

Obedi akasema hakukosea, ni kweli.

Theodosia ndiye aliyetuchangamsha siku zile. Alikuwa mjane, mwenye kicheko kikubwa, na alimwita Obedi shemeji.

"Shemeji, umekuwa waziri! Una walinzi mpaka kwenye migomba. Nikikuletea uji siku hizi niombe kibali wapi?"

"Omba kwa mama Careen," Obedi alisema, akinionyesha mimi kwa kidole.

"Mimi nakushauri bure. Wakija, tambaa. Shuka hapo kibarazani utambae mpaka chooni, ulie kidogo. Fidia itakuja inakimbia."

"Nikitambaa leo, kesho je?"

"Kesho unatambaa tena! Kwani una kazi gani nyingine?"

Alicheka mpaka akashika kifua. Obedi alicheka pia, lakini Theodosia alipoondoka aliniuliza kwa Kiha kama na mimi naona ingefaa atambae. Nikamwambia hapana.

Mambo yakaanza kubadilika pale nyumbani kidogo kidogo. Kabla ya hapo siku nzuri zilikuwa zawadi yetu. Aliweza kukaa nje kwenye jua, akanoa msumeno wa jirani, akaenda kwa fimbo mpaka kwa Mwalimu Rosa kuona kama jiko linatoa moshi vizuri. Sasa siku nzuri zikawa za kuogopa. Watu waliomtakia mema walimwonya: fundi, usionekane. Wasiomtakia mema walisema wakiwa kwenye pombe ya rubisi kwamba Obedi atajenga ghorofa kwa mgongo. Kila alipotaka kutoka aliuliza, "Kuna mtu barabarani?" Akiambiwa yupo, anabaki ndani. Siku ambayo mguu ulimruhusu kutembea ndiyo siku aliyojifungia. Na siku mbaya, ambayo wangepaswa kumwona, hakuweza kufika hata mlangoni.

Kisha akaja mnunuzi wa maharage.

Ilikuwa baada ya mavuno, wakati ambapo wanunuzi wanapita kila kona, kwa hiyo hakuna aliyemshangaa. Mimi nilikuwa shambani. Nilipofika uani nilimkuta mwanamume wa makamo, kofia mkononi, amekaa kwenye kigoda chetu kizuri, yule mgeni na mume wangu wanacheka. Jina lake Athuman. Kiswahili chake kilikuwa kitamu, cha watu wa pwani, kinateleza.

"Karibu shemeji," aliniambia kama yeye ndiye mwenyeji. "Mzee wako ananifundisha Kiha. Nimeshindwa."

"Ana ulimi mgumu," Obedi alisema. Uso wake ulikuwa umechangamka namna ambayo sikuwa nimeiona tangu masika. Mtu alikuwa amekuja kuzungumza naye mambo mengine, mambo ya mvua na bei na mpira, bila kuutaja mgongo.

Athuman aliyakagua maharage, akayasifia, akasema angerudi na gari. Alituachia sukari. Simu yake ilikuwa kwenye mfuko wa shati, imechomoza kidogo juu. Niliiona. Kila mtu siku hizo alikuwa anaweka simu hivyo.

Hakurudi. Obedi alimngoja. Alikataa kumwuzia mtu mwingine maharage yale mpaka nilipomkasirikia, akisema amempa neno yule bwana wa pwani.

Tuliitwa Kasulu mwanzoni mwa mwaka 2014. Siku hiyo haikuwa nzuri wala mbaya sana. Tulimpandisha kwenye bodaboda, mimi nyuma yake nikimshika kiuno ili asirushwe kwenye mashimo, dereva akaenda polepole kama anabeba mayai. Mwalimu Rosa alikuwa na mtihani shuleni, hakuweza kufuatana nasi. Alituambia tu, "Semeni ukweli, msitie chumvi, msipunguze."

Ofisini kwa Felisiani alikuwapo afisa wa madai kutoka Mwanza, binti wa heshima, nywele amesuka vizuri, jina lake Herieth. Alisimama tulipoingia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Pole na safari. Habari za afya, baba?"

Na Obedi, akiwa ameshika fremu ya mlango kwa mkono mmoja na bega langu kwa mwingine, jasho likimtoka kwa ajili ya zile ngazi za mlangoni, alimjibu, "Niko na nguvu, mwanangu."

Yule binti akamwangalia Felisiani. Felisiani akaangalia meza.

Tulipokaa alieleza kwa adabu kwamba kampuni ilifanya uchunguzi wake, kama ilivyo haki yake, na kwamba kuna picha za video ambazo angependa baba azione kabla ya kuendelea. Akafungua kompyuta ndogo, akaigeuza upande wetu.

Nikaona ua wetu. Niliona migomba, kibaraza, kuku. Kisha Obedi akatokea, amekaa ameegemea ukuta. Sauti ya mtu asiyeonekana ikasema, "Hodi hapa! Hujambo, mzee?" Na mume wangu ndani ya ile kompyuta akainuka, akatabasamu, akasema, "Karibu, karibu. Niko na nguvu." Akainama, akachukua kigoda, akakipangusa kwa kiganja, akampelekea mgeni.

Obedi aliyekuwa kando yangu aliinama mbele kuangalia. Hakuwahi kujiona kwenye video. Akanyoosha kidole.

"Ni Athuman!" alisema kwa furaha. "Mama Careen, ni yule wa maharage. Sauti yake." Akamgeukia Herieth. "Mnafahamiana naye? Hajambo?"

Herieth aliisimamisha video. Niliona furaha ile ikibaki usoni mwake bila mahali pa kwenda, kisha ikaondoka yenyewe.

"Baba," Herieth alisema, "kwenye madai yako umeandika huwezi kuinuka bila kusaidiwa. Hapa umeinuka."

"Nilishika ukuta. Mkono wa kushoto."

"Mkono wa kushoto hauonekani, baba."

"Upo. Upo upande ule wa ukuta."

"Na umeinama. Umebeba kigoda."

"Mgeni alikuwa amesimama," Obedi alisema.

Alilisema kwa namna ya mtu anayedhani sasa jambo limeeleweka. Herieth aliandika kitu.

"Na umemwambia una nguvu. Hata mimi umeniambia hivyo hapo mlangoni. Mimi nimekuuliza habari za afya."

Hapo nikaingilia. Nikaeleza habari ya salamu ya Manyovu, jinsi neno lilivyo kwa Kiha, jinsi Kiswahili chake kinavyotoka. Nilieleza vibaya, kwa haraka. Felisiani, ambaye ni Muha wa Kasulu na alijua ninachosema, aliitikia kwa kichwa, lakini hakufungua mdomo mbele ya mtu wa Mwanza.

"Mama, nakuelewa," Herieth alisema. "Lakini mimi lazima niandike maneno ya mdai mwenyewe. Hatuwezi kuandika kwamba mtu akisema ana nguvu maana yake hana. Baba, tulimalize. Nikuulize na wewe unijibu, niandike. Una nguvu au huna?"

Nje mtu alikuwa anajaribu injini ya pikipiki, anaipiga, inazima, anaipiga tena.

Nilijua alichotakiwa kusema. Hata Felisiani alijua. Alimtazama Obedi kama anayemsukuma mtu avuke mto. Maneno mawili tu, sina nguvu, na pengine binti yule angeandika, pengine faili lingerudi kwa daktari, pengine Mwanza. Lakini Obedi alikuwa mwanamume ameketi mbele ya mkewe, mbele ya binti wa umri wa mwanawe, na kwa Kiswahili cha mtaani mwanamume akisema hana nguvu watu wanamwelewa kwa namna moja. Kwa Kiha ni vibaya zaidi. Ni kuaga dunia.

Midomo yake ilicheza. Niliona anatafuta kwanza kwa Kiha, kama kawaida yake, na kule hakupata kitu cha kuvusha.

"Nguvu ninazo," alisema mwishowe. "Mgongo ndio hauna."

Kijana wa duka la vipuri aliyekuwa anasikiliza mlangoni alicheka. Herieth hakucheka. Aliandika sentensi ya kwanza. Ya pili sikuona kama aliiandika.

Walitupa karatasi. Kampuni ilikuwa tayari kutoa kifuta jasho kwa ajili ya usumbufu, mara moja, na madai yafungwe. Niliisoma kwa sauti ili Obedi asikie. Ndani yake ilisemwa kwamba mdai amekiri amepata nafuu, na kwamba maelezo yake ya awali yalizidishwa.

"Yalizidishwa ni nini?" aliniuliza kwa Kiha.

"Kwamba tuliongeza. Kwamba tulidanganya kidogo."

Alirudisha kalamu mezani, akaisogeza mbali kwa kidole.

Njiani tulisimama mara nyingi. Mahali fulani kabla ya kona ya Heru Juu alimwomba dereva azime pikipiki, akashuka, akalala majanini ubavu. Nikakaa kando yake. Nilikuwa na hasira ambayo haikuwa na mtu.

"Ungesema tu, Baba Careen. Ungesema wakaandika, yakaisha."

"Nikishasema pale, nitayaacha pale? Nitarudi nayo nyumbani."

"Ni maneno."

"Ni maneno," alikubali. Akafumba macho. "Yule bwana nilimpenda, unajua. Alikaa vizuri. Alinisikiliza."

Mwalimu Rosa alipopata habari alilia kwa hasira, akapiga meza yangu. Akasema tungechukua kile kifuta jasho na kufungua kesi baadaye, kisha akasema hapana, Obedi yuko sahihi, kisha akakaa akaandika barua ya malalamiko kwenda makao makuu ya kampuni Dar es Salaam. Aliiandika upya mara kadhaa. Alimwomba daktari aongeze maelezo. Alieleza na habari ya salamu, kwa maneno mazuri kuliko yangu. Akaipeleka posta mwenyewe. Baada ya hapo tulikuwa watu wa kungoja.

Mguu wa kushoto ulikufa kwenye mvua za mwaka ule. Hatukujua ni siku gani hasa. Aliumwa na siafu usiku, akaona alama asubuhi, hakuwa amesikia. Siku nzuri zikawa chache, kisha hazikuwapo, kama daktari alivyosema. Nilimgeuza, nilimwosha, vidonda vya kulala vilikuja hata hivyo. Careen alirudi kutoka shule ya bweni Kibondo kwa likizo, akamwona baba yake, akatoka nje akaenda kusimama nyuma ya choo. Sasa hapakuwa na haja ya kuuliza kama kuna mtu barabarani, lakini Obedi aliendelea kuuliza. Nilimjibu hakuna. Wakati mwingine alikuwapo mtu, mpita njia tu, nikajibu hakuna.

Theodosia aliendelea kumletea uji. Mizaha ilipungua, lakini haikuisha.

"Shemeji, walinzi wako wamekuacha. Umeshushwa cheo."

"Wamechoka kulipwa bure," alisema. Sauti ilikuwa imebaki nyembamba.

Siku moja kabla hajafa alikuja katekista kumsalimia. Aliinama karibu na sikio lake, akamwuliza kwa Kiha, "Urakomeye?" Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni. Obedi alifungua macho, akatafuta uso wa mtu aliyemwuliza, na akamjibu, "Ndakomeye." Katekista akashukuru, akakaa, wakasali.

Tulimzika Januari 2015, juu ya shamba, upande ambao udongo hautuamishi maji. Vijana aliowafundisha kazi walijengea kaburi kwa tofali, bila plasta. Watu wengi walikuja. Felisiani alikuja pia, akakaa nyuma, akaondoka bila kula.

Barua ya Dar es Salaam ilifika baada ya msiba. Mwalimu Rosa alinisomea. Walisema malalamiko yetu yamepokelewa, faili limefunguliwa upya, na kwa kuwa wamepata taarifa kuwa mdai amefariki, wangetuma mtu kujiridhisha. Mwalimu Rosa alisoma neno hilo, kujiridhisha, akaweka barua chini.

Mtu huyo alikuja mchana, safari hii kwa hodi. Alikuwa kijana mgeni kabisa kwangu, viatu vyake vimejaa tope la barabara ya Kibondo, maana alisema ameanzia huko kwa madai mengine. Alinionyesha kitambulisho kabla sijauliza. Alitaka cheti cha kifo, nikampa. Alitaka barua ya mtendaji wa kijiji, nikampa. Akauliza kama anaweza kuona mahali alipozikwa.

Nilimpeleka. Tulipanda taratibu kwa sababu njia ilikuwa na utelezi. Pale juu alivua kofia, akasimama kidogo, nadhani alikuwa anasali au alikuwa anafikiri aanzie wapi. Kisha akatoa kamera. Si simu, kamera yenyewe, ya kuning'iniza shingoni.

"Samahani sana mama. Ni utaratibu."

"Piga tu."

Alipiga upande wa msalaba wenye jina. Akazunguka, akapiga ubavuni. Akarudi nyuma mpaka kwenye mihogo ili kaburi lote liingie. Akaangalia kwenye kioo cha kamera, akakunja uso.

"Mama, naomba unisaidie. Usimame pale, karibu na msalaba. Ili ionekane ni mahali penyewe. Wakiona kaburi peke yake wanaweza kusema ni la mtu mwingine."

Nilikwenda nikasimama. Sikujua niweke wapi mikono. Nikaiweka juu ya tofali. Zilikuwa na joto la jua.

"Tazama huku, mama."

Nikatazama. Alichukua muda, akilenga. Nilifikiria jinsi picha ile itakavyofunguliwa kwenye meza huko Dar es Salaam, watu wameinama kuiangalia, wakitafuta kama kuna kitu tumekiongeza. Hapakuwa na kitu cha kuongeza. Nilisimama wima, nisije nikaonekana nimeegemea.

"Inatosha," alisema. Akafunika kamera. "Pole sana, mama. Nadhani sasa hawatakuwa na swali."

"Na nguvu zake, zitarudi?" nilimwuliza, na papo hapo nikajua nimeuliza kitu kisicho na maana.

"Sijakuelewa, mama."

"Si kitu."

Alisema haki itakwenda kwa warithi, si haraka, lakini itakwenda. Careen angeweza kuendelea na shule. Nikamshukuru. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa Titye, naye hakujua njia ya mkato ya kushukia barabarani, ile inayopita kwenye shamba la Theodosia. Nikamsindikiza mpaka njia panda, nikamwonyesha mahali pa kusimama ili apate pikipiki, nikangoja naye mpaka alipoipata.